Viti Nje ya Lango

Siku ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani, nami nikawashukuru kwa moyo wote, ingawa sijui mstaafu ana haraka ya kwenda wapi. Kisha mkuu wa idara akaniomba niwaandikie "mambo machache" yatakayowafaa ninyi mnaobaki katika chumba kile cha kuwashauri wanafunzi. Nikakubali kabla sijafikiri. Sasa nimeketi barazani kwangu hapa Migori, chai imepoa, na kila ninachokumbuka ni mambo ambayo hayamo katika mwongozo wowote wa chuo. Basi yapokeeni hivyo hivyo. Ya vyeo sitayagusa. Waliopandishwa wanajijua, na wasiopandishwa wanajijua zaidi.

Nilianza mwanzoni mwa miaka ya tisini, katika chuo kidogo cha Homa Bay kilichofundisha watu kuwa washauri nasaha. Nikisema kidogo namaanisha kidogo: madarasa machache ya mabati, jiko lenye moshi kuliko chakula, na ofisi zilizogawanywa kwa mbao nyembamba hata ukipiga chafya jirani anakuombea heri. Kabla ya hapo nilikuwa mwalimu wa shule ya upili, nikifundisha historia kwa watoto ambao hawakuiomba. Chuoni niliajiriwa kuwa mshauri wa masomo. Kumfundisha mtu namna ya kuketi na mwenye huzuni halikuwa jukumu langu. Hilo lilikuwa la wakufunzi. Langu lilikuwa kuhakikisha kwamba aliyeingia anatoka akiwa amemaliza: asome somo gani kwanza, afanye mafunzo ya nyanjani wapi, na akikwama, akwamuliwe vipi. Nilidhani ni kazi ya ratiba.

Siku ya kwanza nilipanga chumba kama nilivyoona kwa walimu wakuu wote walionitawala. Meza katikati, mimi nyuma ya meza, na kiti cha mwanafunzi kule ndani kabisa, ubavuni mwa kabati, ili asipate pa kukimbilia. Akaingia Sista Felista. Hakuwa mtawa, aliitwa sista kwa sababu alikuwa muuguzi, na miaka yake mingi aliimaliza katika wodi ya wagonjwa wa akili kabla ya kuja kutuanzishia chuo. Alitazama chumba, akaisukuma meza kwa nyonga hadi ukutani bila kuniomba ruhusa, kisha akakibeba kiti cha mwanafunzi akakiweka karibu na mlango.

"Rispa, mgonjwa wangu wa kwanza alinivunja kidole," aliniambia. "Nilikuwa nimekaa kati yake na mlango. Hakuwa mkali. Alitaka kutoka tu."

"Lakini hawa si wagonjwa, Sista."

"Ni watu. Mtu akijua anaweza kutoka, atakaa."

Somo la pili alinipa wiki hiyo hiyo. Mwanafunzi akija kukuuliza habari za ratiba, alisema, mjibu ratiba. Mjibu vizuri, usimfanye ajione mjinga. Halafu nyamaza. Alichokuja nacho hasa kitatoka akiwa ameshika kitasa cha mlango. Nilimcheka moyoni, lakini sikucheka muda mrefu. Katika mwezi wa kwanza, watu wazima wenye watoto na mashamba waliniuliza tarehe za mitihani, wakashika kitasa, kisha wakaniambia mambo ambayo hawakuwa wamewaambia hata wenzi wao.

Wanafunzi wetu walikuwa wauguzi, walimu wa msingi, wahubiri, na polisi mmoja mstaafu aliyekuwa akiwahoji wateja kama amewakamata. Ilikuwa miaka ile ambayo ugonjwa uliingia kila boma kando ya ziwa na watu waliogopa kuutaja jina. Mafundi seremala waliacha kutengeneza vitanda wakatengeneza majeneza. Kwa hiyo waliokuja kwetu hawakuja kutafuta cheti tu. Kila mmoja alikuwa na kaburi nyumbani lililomleta. Tatizo ni kwamba wengi walidhani ushauri nasaha ni kumwambia mtu la kufanya. Kuna katekista mmoja aliyemwombea mteja wake wa kwanza sala ndefu mpaka mteja akasinzia. Nilimpanga arudie somo la kusikiliza. Akarudia. Nikampanga tena, akanung'unika mpaka nikadhani atanishtaki kwa askofu. Mwishowe aliiva kweli, na mkewe akaja chuoni kunishukuru, kwa sababu hata nyumbani sasa alikuwa ananyamaza.

Vifaa vyangu vilikuwa vichache. Chupa ya chai, mashine ya kurudufu iliyonipaka wino hadi kwenye viwiko, na ramani kubwa ya sehemu zetu niliyoibandika ukutani. Kila mwanafunzi aliyekuwa nyanjani alikuwa na pini yake yenye rangi. Homa Bay penyewe palijaa pini kama mgongo wa nungunungu, Rodi Kopany zilikuwepo kiasi, Migori chache, na kule Macalder, kwenye machimbo ya dhahabu, pini moja tu. Aliyepelekwa Macalder aliniona kama nimemfukuza nchini.

Sasa nifike kwa Peres Awuor, maana najua wakongwe kati yenu mnangoja nimtaje.

Peres alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwenye kicheko kilichovuka zile mbao zetu nyembamba na kufika jikoni. Sista Felista, ambaye hakuwa mtu wa kumpaka yeyote mafuta, aliniambia huyu ana masikio. Katikati ya mwaka wa pili mumewe, dereva wa lori la samaki, aliugua akafa. Chuo kilienda mazishini. Alipopewa ruhusa na nyumbani kwake kurudi masomoni, alirudi amenyolewa nywele, na kicheko kile hatukukisikia tena kwa muda mrefu.

Muhula huo ulikuwa wa kutembelea watu majumbani. Kanuni ya chuo ilikuwa wazi: bila saa za kutosha za kutembelea familia, na bila kikao kimoja kinachoshuhudiwa na mtahini kutoka nje, hakuna kuhitimu. Peres alikuwa amepangiwa boma moja pale Rodi Kopany. Mama wa boma hilo aliitwa Min Milka, yaani mama Milka, kwa jina la kitinda mimba wake. Huyo Milka alikuwa msichana wa sekondari, na tangu dada yake mkubwa azikwe alikuwa amelala akiutazama ukuta. Hakwenda shule, hakutoka hata kuota jua. Hospitali ndiyo iliyotuomba tumtume mtu.

Peres aliondoka asubuhi. Kabla ya chakula cha mchana alikuwa amekaa kwenye kiti changu kile cha mlangoni.

"Mwalimu, ile kozi ya ukatibu bado inaandika watu?"

Nikamjibu ratiba. Ndiyo, inaandikisha mpaka mwisho wa mwezi, na masomo yake mawili ya kwetu yangeweza kuhesabiwa kule. Akanishukuru, akasimama, akashika kitasa. Mimi nikanyamaza.

"Sikuingia," alisema, mgongo wake ukiwa kwangu. "Min Milka alinipokea kwa lango. Amenipa pole ya bwanangu vizuri kabisa. Halafu akaleta kiti, akaweka nje ya ua. Akaniambia, nyathina, mtoto wangu, wewe unajua."

"Na ulijua?"

"Nilijua. Nilifikiri tu labda kazi ya chuo ni tofauti."

Niwaeleze ninyi mliotoka mbali. Kwa desturi ya Waluo, mjane ambaye mumewe amezikwa karibuni haingii kwenye maboma ya watu mpaka mwanamume wa ukoo wa mumewe alale naye usiku mmoja na kumfungulia njia. Akiingia kabla ya hapo, inaaminika ataiachia nyumba hiyo chira, yaani ule ugonjwa wa kunyauka unaofuata mwiko uliovunjwa. Hakuna anayemtukana wala kumfukuza. Anasalimiwa, anapewa maji, anawekewa kiti nje. Wako watu wa mjini waliokuwa wamelipuuza jambo hili, lakini kwenye maboma tuliyowatuma wanafunzi lilikuwa hai. Min Milka alikuwa amezika mtoto mmoja na mwingine alikuwa ukutani. Asingecheza na chira, na mimi nilimwelewa.

Peres naye alikuwa ameokoka, na yeye na mumewe walikubaliana mapema kwamba mmoja akitangulia, desturi hiyo haitafanyika. Tena miaka ile, kufunguliwa njia kungeweza kumuua anayefungua au anayefunguliwa. Peres hakuniambia mumewe alikufa kwa nini, nami sikumuuliza. Sote wawili tulijua tunachonyamazia.

Nilijaribu boma jingine, na jingine. Pini ya Peres ilihama mpaka ukuta ukaanza kutoboka, na kila mahali alipokelewa kwa heshima, akawekewa kiti nje. Heshima ile ilimchosha kuliko matusi. Mtu akikutukana unaweza kurudi nyumbani ukiwa na hasira ya kukushikilia.

Kisha shemeji yake akaja. Aliitwa Ouko, mdogo wa marehemu, amevaa koti la kuazima lililombana mabegani. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia, nikashindwa. Alikuwa mtu mpole aliyelala vibaya siku nyingi.

"Mwalimu, nimesikia shem anataka kuacha masomo," alisema. "Ndugu yangu aliuza ng'ombe kwa hii masomo. Sisi hatumfungi huyu mama. Tunataka kumfungulia atembee, basi. Halafu mimi narudi kwa bibi yangu."

"Na wewe mwenyewe huogopi?"

Aliangalia mikono yake. "Naogopa. Lakini wazee wanasema boma yote itaharibika. Mimi nitafanya nini?"

Nilimwita Peres, maana sikuwa na haki ya kuyazungumza hayo bila yeye. Alisimama mlangoni, hakukaa.

"Shem, nimekusikia," alisema kwa upole. "Sijakataa nyumbani. Watoto wa huko ni wangu, shamba nitalima. Nimekataa hiyo kitu moja. Na wewe pia nakuhurumia, hutaki."

"Sasa utatembea aje?"

"Hiyo ndiyo namuuliza mwalimu."

Wote wawili wakanigeukia. Nimewahi kuulizwa maswali magumu na wakaguzi, na maaskofu, na mara moja na hakimu, lakini hakuna lililonikausha mate kama lile. Nilitaka kupiga meza na kumwambia Ouko awaambie wazee wake waje niwafunze. Nilitaka pia kumwambia Peres afanye lolote amalize, maana alikuwa mwanafunzi bora kuliko wote niliowahi kupewa. Yote mawili yangekuwa mimi nikiishi maisha ya mtu mwingine. Nikasema nipeni muda. Ouko akatoka akijipangusa jasho, nadhani kwa nafuu.

Nilimpelekea Sista Felista hasira yangu yote. Alikuwa akikoroga uji wake.

"Umemuuliza anataka nini?"

"Anataka kumaliza bila kufanya lile."

"Basi mtafutie namna ya kumaliza bila kulifanya. Hiyo ndiyo kazi yako. Wazee si kazi yako."

Nikaenda kwa Bwana Okelo, msimamizi wa masomo. Yeye ndiye aliyezishika kanuni, na watu walimwona mgumu, lakini ugumu wake ulikuwa wa mtu anayejua chuo kidogo kikilegeza kanuni moja kitadharauliwa kote.

"Mwalimu Rispa, siwezi kumpa cheti cha kutembelea watu mtu ambaye hajatembelea watu," alisema. "Na siwezi kuwalazimisha watu wamfungulie mlango. Nikuambie ukweli, hata kwangu mke wangu hangekubali. Na mke wangu ni mwalimu."

"Nikipata mahali watakapompokea?"

"Nionyeshe hapo mahali."

Sikuwa napo. Nilikaa nikiitazama ramani ile kwa siku kadhaa kama mtu anayetafuta upele mgongoni kwake. Kilichonisaidia ni kazi ya kawaida. Ilikuwa zamu yangu kumkagua kijana wetu aliyekuwa Macalder, ile pini ya upweke. Nikaenda nikinung'unika, maana vumbi la kule huliondoi kwenye nguo kwa sabuni ya kawaida. Watu walikuwa wakiteremka mashimoni kwa kamba, wanawake wakiponda mawe na kuosha unga wake kwenye makarai. Kijana wetu alinitembeza kwa wateja wake. Wote waliishi kwenye vyumba vya kupanga, mabati matupu, mlango ukitazama mlango. Wachimbaji kutoka Kuria, kutoka Kisii, kutoka ng'ambo ya mpaka. Nikaketi na mwanamke mmoja aliyeitwa Adongo, aliyekuwa ameshika karai mapajani, nikamuuliza kama hapa mjane huingia kwa watu.

Alinitazama kama niliyemuuliza kama mvua hulowesha.

"Hapa hakuna boma, madam. Ni chumba ya kukodi, utaharibia nani? Na hawa wamama wote unaona wakiponda mawe, wengi walitoroka hiyo mambo. Mimi pia."

"Kuna mtu huja kuongea nanyi?"

"Huyu kijana wako anakuja. Ni mtoto mzuri. Lakini nitamwambia nini, mtoto ambaye hajaoa?"

Nilirudi Homa Bay na vumbi langu moja kwa moja hadi ofisini kwa Bwana Okelo, sikunawa hata uso. Nilimwambia: kule kuna watu, wana makwao, wana huzuni, na wamekosa mtu wa kuwasikiliza ambaye amelipitia lililowapeleka kule. Akaniuliza kama chumba cha kupanga ni nyumbani. Nikamuuliza yeye anaishi wapi. Alikuwa anaishi kwenye chumba cha kupanga nyuma ya posta, mkewe akiwa shuleni kwake kijijini. Akasema saa za Macalder zitahesabiwa. Ila kikao cha kushuhudiwa na mtahini kitafanyika kwa familia aliyopangiwa kwanza, kama kwa wanafunzi wote. Hapo hakusogea hata kidogo, na sikumlaumu.

Peres alikaa Macalder muhula mzima na zaidi. Nilimkagua mara nyingi kuliko ilivyohitajika, nikijisingizia kwamba ni kanuni. Mara ya kwanza nilimkuta amekaa chini na Adongo, wote wakiponda mawe, hakuna anayesema kitu. Nikamuuliza baadaye kama hicho ndicho kikao. "Mwalimu, wakiwa wanafanya kazi ndiyo wanaongea," alinijibu. "Nikikaa tu nikiwaangalia, wanafikiri ni wa serikali." Safari iliyofuata nilikisikia kabla sijamwona. Kile kicheko, kikitoka nyuma ya mabati, na vicheko vya wanawake wengine juu yake. Nilisimama kwanza pale njiani nikajifanya nafunga kiatu. Machozi yalinitoka, na sioni haya kuwaambia.

Ulipokaribia wakati wa mtahini, nilikwenda mwenyewe Rodi Kopany kwa Min Milka. Alinikaribisha ndani, akanipa nyoyo, yale mahindi na maharagwe ya kuchemsha, na sikuhitaji kueleza sana.

"Namkumbuka yule," alisema. "Watu wote wakija hapa wananiuliza Milka amekula, Milka ameongea. Yeye peke yake, pale nje, aliniuliza mimi nalala. Nilikuwa silali, mwalimu. Hakuna mtu alikuwa ameniuliza."

"Anaweza kuja tena?"

"Aje. Lakini ndani haingii. Usiniombe hiyo."

"Siombi."

Alifikiri, akipangusa meza ambayo tayari ilikuwa safi. "Milka bado ako kwa ukuta. Hatatoka. Kama mtaongea na mimi peke yangu, viti ninavyo."

Kwenye kikao cha mtahini, familia nzima inayohusika hutakiwa kuwepo. Peres angeketi nje na mama, msichana akiwa ndani amelala, na hiyo ingekuwa nusu ya familia na nusu ya kikao. Nilimwambia Peres hivyo bila kuficha. Alisema ataenda, akifeli afeli akiwa anafanya kazi.

Mtahini alikuwa mama mmoja kutoka Nairobi, Bi. Wanjohi, aliyevaa viatu vya kisigino kwa safari ile. Tulimkuta Min Milka amepanga viti vitano nje ya lango, kando ya ua wa minyaa, akavifuta vumbi mbele yetu.

"Tunaingia saa ngapi?" Bi. Wanjohi aliuliza.

"Hatuingii," nilimwambia. "Ni hapa."

Aliangalia anga, lililokuwa limefunga wingu, akaangalia viatu vyake, akaketi. Nimemheshimu tangu hapo.

Kabla ya kuanza, Peres alifanya kitu kidogo. Alikichukua kiti kimoja akakisogeza mpaka mdomoni mwa lango, miguu miwili ya kiti ikiwa karibu kugusa ndani ya boma, akakiacha kitupu. Kisha akarudi kwenye chake, akamwambia Min Milka, "Mama, mwambie Milka niko hapa nje. Mimi siwezi kuingia. Asitoke kwa sababu yangu, lakini kiti chake kiko."

Min Milka akaenda, akarudi peke yake. Kikao kikaanza. Walizungumza juu ya yule binti aliyezikwa. Alikuwa mtundu, alijua kusuka nywele, alikuwa akimsuka Milka kila Jumapili. Mama akalia, Peres akamwacha alie, hakumpa maneno. Matone yakaanza kuanguka. Bi. Wanjohi alifunika karatasi zake kwa mkoba na hakusogea, wala mimi sikusogea, ingawa nilikuwa nikihesabu moyoni kila sekunde ambayo kiti kile kilibaki kitupu.

Mlango wa nyumba ndogo ukalia. Msichana akatoka amejifunika shuka, macho ameyafinya kwa mwanga. Akavuka uwanja polepole, akasimama ndani ya lango, nyuma ya kile kiti.

"Kwa nini wewe hauingii?" alimuuliza Peres.

"Bwanangu alikufa. Bado sijaruhusiwa kuingia kwa watu."

Milka akajivutia shuka mabegani.

"Mimi siwezi kutoka," alisema.

"Naona. Ni ngumu."

"Wewe ulikuwa unamjua dada yangu?"

"Sikumjua. Mama alikuwa ananiambia vile alikuwa anakusuka."

Milka akageuka akaitazama nyumba, kisha akakitazama kiti. Palikuwa na hatua moja tu kutoka kitini mpaka kwao. Akaketi. Mvua ikaendelea kutunyeshea sote sawasawa, hakuna aliyetaja kuondoka.

Watu wote tuliowatuma kabla ya hapo, hata wale wa hospitali, walikuwa wameingia mpaka kitandani kwake wakamwinamia, naye akazidi kuusogelea ukuta. Peres ndiye pekee ambaye hakuweza kumfuata ndani.

Sitatia chumvi. Milka hakupona siku ile. Siku nyingi zilizofuata hakutoka, na nyingine alitoka, na shuleni alirudi baada ya muda, kwa kuchelewa. Bi. Wanjohi alimpitisha Peres. Akiwa anakwangua matope kwenye visigino vyake aliniuliza ni nani aliyemfundisha kukiweka kiti pale, nikamwambia kuna mzee mmoja chuoni aliyewahi kuvunjwa kidole. Ouko alikuja kwenye mahafali na koti lile lile. Wazee walikuwa wamemnunia kwa muda, alisema, kisha wakachoka, na mkewe alikuwa amejifungua. Peres aliingia kwenye maboma ya watu baadaye, kwa njia yake na kwa wakati wake, na namna ilivyokuwa ni mambo yake, si ya kuandikwa na mimi.

Yaliyofuata mnayajua, mlikuwepo wengi wenu. Chuo kikakua, mbao zikawa kuta, ramani yangu ikatupwa na wachoraji wa rangi. Kile chumba mtakipanga mtakavyo. Nasikia mmeagiza meza mpya. Ila kiti cha karibu na mlango, kile cha mbao chenye mguu uliofungwa kwa waya, ni cha Sista Felista. Milka mwenyewe alikikalia mwaka aliokuja kujiandikisha kwetu. Aliniuliza ratiba, nikamjibu, akasimama akashika kitasa, nami nikanyamaza. Tafadhali msikisogeze.